Ukurasa Unapovurugika kwa Kuzuia Skripti: Namna ya Kusoma Dalili na Kufungua Kinachohitajika Tu

Mtu akishaweka kwenye kivinjari chake kiendelezi (programu ndogo ya nyongeza) cha kuzuia skripti, yaani amri za JavaScript zinazoendeshwa ndani ya ukurasa, siku ya kwanza hufurahi kuona kurasa zinafunguka upesi na matangazo yamepungua, na siku ya pili hukutana na ukurasa mweupe, menyu isiyofunguka, au fomu ambayo kitufe chake cha kutuma hakiitikii. Wengi hapo hukizima kiendelezi chote na hawakirudishi tena. Jambo hilo hunisikitisha kila ninapoliona, kwa sababu namna ukurasa ulivyovurugika huonyesha ni skripti ipi iliyokosekana, na anayejua kuisoma dalili hiyo hufungua mlango mmoja tu badala ya kuacha nyumba nzima wazi. Mwongozo huu unahusu usomaji huo. Nitatumia viendelezi viwili ninavyovitumia mwenyewe, NoScript na uBlock Origin, katika kivinjari cha Firefox.

Kinachotokea ndani ya ukurasa

Ukurasa wa wavuti huja kwa vipande. HTML hubeba maandishi na mpangilio wake. CSS hubeba sura, yaani rangi, nafasi na ukubwa wa herufi. Na JavaScript, lugha iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka 1995 alipokuwa katika kampuni ya Netscape, hubeba matendo kama kufungua menyu na kukagua fomu. Kama kila kipande kingebaki na kazi yake, kiendelezi cha kuzuia skripti kingeondoa matendo na kuiacha sura jinsi ilivyo. Lakini watengenezaji wengi wa tovuti wameipa JavaScript kazi za wenzake pia: ndiyo inayoleta maandishi, inayoweka picha mahali pake, na wakati mwingine ndiyo inayoiwasha CSS. Ndiyo maana ukiizuia, sura nayo hubadilika.

Jambo la pili la kulielewa kabla hujagusa kitufe chochote ni kwamba skripti za ukurasa mmoja hutoka katika vikoa vingi. Kuna zile za kikoa cha tovuti yenyewe, kile unachokiona kwenye upau wa anwani. Kuna za vikoa vinavyogawa maktaba za skripti zinazotumiwa na tovuti nyingi, kama code.jquery.com, cdn.jsdelivr.net na cdnjs.cloudflare.com. Kuna za huduma maalumu kama video, ramani na malipo. Na kuna za takwimu na matangazo, kama google-analytics.com na doubleclick.net, ambazo msomaji hapati chochote kutoka kwazo.

NoScript, iliyotolewa mwaka 2005 na Mwitaliano Giorgio Maone na ambayo imo pia ndani ya Tor Browser, kivinjari cha kulinda faragha, huzuia skripti za kila kikoa mpaka wewe mwenyewe uzikubali, isipokuwa vikoa vichache vilivyomo katika orodha yake ya awali. Kwa hiyo kurasa nyingi zitavurugika wiki ya kwanza, na hilo si kosa la usakinishaji. uBlock Origin ya Raymond Hill, iliyoanza mwaka 2014, hufuata orodha za vichujio, yaani orodha za anwani na vitu vya kuzuia, na huzuia yale tu yaliyoorodheshwa, hivyo mara chache huharibu ukurasa, isipokuwa pale mtumiaji anapoiwekea masharti makali zaidi. Anayetumia Chrome ajue kwamba Google imeuondoa mfumo wa zamani wa viendelezi uliokuwa ukiitwa Manifest V2, na pamoja nao uBlock Origin kamili. Kilichobaki humo ni uBlock Origin Lite, yenye uwezo mdogo wa kupanga mambo kikoa kwa kikoa. Ndiyo sababu ninazungumzia Firefox.

Huenda msomaji akauliza kama usumbufu huu una faida. Mwaka 2018 wezi walipachika mistari michache katika skripti ya tovuti ya shirika la ndege la British Airways, na taarifa za kadi za wateja waliokuwa wakilipia tiketi zikawa zinanakiliwa na kupelekwa kwenye kikoa kingine. Mwaka 2020 mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Uingereza ililitoza shirika hilo faini ya pauni milioni 20. Mwaka 2024 kikoa cha polyfill.io, kilichokuwa kikigawa skripti halali kwa miaka mingi, kilibadilisha mmiliki, na miezi michache baadaye skripti zake zikaanza kuwapeleka wasomaji kwenye tovuti za ulaghai; tovuti zilizokuwa zikiitumia zilizidi 100,000, na wenye tovuti hizo hawakuwa wamebadilisha hata herufi moja upande wao. Katika visa vyote viwili, njia ilikuwa kikoa ambacho msomaji hakukiita. Ukiongeza na bando linaloliwa na skripti za matangazo, sababu zinatosha.

Anza kwa kuhakikisha kwamba kosa ni la kiendelezi

Fungua anwani ileile katika dirisha la faragha. Katika Firefox na Chrome, viendelezi havifanyi kazi ndani ya dirisha hilo mpaka uviruhusu kwa hiari yako, kwa hiyo dirisha la faragha ni kipimo cha haraka. Ukurasa ukionekana vizuri humo, kiendelezi ndicho kilichozuia kitu. Ukivurugika humo pia, tatizo liko kwingine, na mara nyingi ni mtandao dhaifu uliofikisha HTML na kuiacha skripti njiani. Hali hii ya pili ni ya kawaida kuliko watu wanavyodhani: mwaka 2013 watumishi wa huduma za kidijitali za serikali ya Uingereza walipima na kukuta kwamba asilimia 1.1 ya watu waliotembelea tovuti yao hawakupata JavaScript, na katika hao ni asilimia 0.2 tu ndio waliokuwa wameizima au walitumia kivinjari kisichoiunga mkono. Waliobaki, asilimia 0.9, vivinjari vyao viliijua JavaScript, ila kwa sababu moja au nyingine skripti haikufanya kazi. Kwa hiyo usikilaumu kiendelezi kabla ya kupima.

Kusoma dalili

Ukurasa mweupe kabisa, usio na hata kichwa cha habari, kwa kawaida ni ukurasa uliojengwa wote kwa JavaScript. Ukibonyeza kitufe cha kulia cha puku na kuchagua kuona chanzo cha ukurasa, utakuta HTML fupi yenye kisanduku kimoja kitupu ambamo skripti ilitakiwa kumwaga kila kitu. Hapa hakuna njia ya mkato: ruhusu kikoa cha tovuti yenyewe na upakie upya.

Upo weupe wa namna nyingine, unaodumu sekunde 8 hasa kisha maandishi yote yanatokea kwa pamoja. Huo hutoka kwenye kurasa za AMP, muundo ulioanzishwa na Google kwa ajili ya simu. Ndani ya kila ukurasa wa AMP kuna kipande cha CSS kinachouficha mwili wote wa ukurasa na kuufichua baada ya sekunde 8, endapo skripti kutoka cdn.ampproject.org haijafika kuufichua mapema. Kuna pia sehemu ya akiba inayouondoa ufichaji huo kwa mtu aliyezima JavaScript yote, lakini ukiwa umezuia kikoa hicho kimoja tu na kuziacha skripti nyingine, kivinjari hakioni sababu ya kuisoma sehemu ya akiba. Unaweza kusubiri sekunde hizo bila kuruhusu chochote, mimi husubiri.

Maandishi yakiwepo na mahali pa picha pakabaki kijivu au pakiwa na ukungu, fahamu kwamba anwani halisi ya picha imehifadhiwa pembeni mpaka skripti iihamishe pale unapoifikia kwa kushuka chini. Mara nyingi kuruhusu kikoa cha tovuti kunatosha. Kama unachotaka ni kusoma habari, acha. Picha zisizopakuliwa ni bando lililobaki.

Ukurasa ukionekana uchi, wenye herufi nyeusi za kawaida, viungo vya bluu vyenye mstari chini na menyu iliyoanguka kama orodha ndefu ya vitone, basi CSS haikuwashwa. Baadhi ya tovuti huiandika CSS yao kana kwamba ni ya kuchapishia karatasi tu, kisha skripti ndogo huibadilisha kuwa ya kila matumizi pindi inapofika, ili ukurasa usichelewe kuonekana. Skripti hiyo isipoendeshwa, CSS hubaki ikisubiri mashine ya kuchapa. Ukurasa wa namna hii husomeka vizuri kabisa, na binafsi sioni haja ya kuutengeneza ikiwa ni makala tu.

Ukiona visanduku vidogo mahali pa alama za simu, barua au kikapu, na ndani ya visanduku hivyo kuna tarakimu na herufi ndogo mno, kilichozuiwa ni fonti ya aikoni, yaani fonti ambayo herufi zake ni alama, si skripti. Zipo fonti nyingine ambazo zikikosekana huacha maneno ya Kiingereza kama «menu» na «search» yakiwa yamebanana mahali pa alama. NoScript huzuia fonti za vikoa visivyoaminiwa, na uBlock Origin ina swichi ya kuzuia fonti za mbali. Angalia hapo kabla ya kuanza kuruhusu skripti ambazo hazihusiki.

Ukurasa unaoonekana kamili lakini haushuki unapouvuta ni ukurasa uliofungwa makusudi na tovuti ili kwanza ukubali vidakuzi, yaani vifaili vidogo ambavyo tovuti huviweka kwenye kivinjari chako. Skripti ya kuufungua haikufika, au bango la vidakuzi limezuiwa na kufuli lake likabaki. Katika uBlock Origin bonyeza alama ya radi, kisha bonyeza kizuizi kinachokukera ili kiondoke kwa mara hiyo. Katika Firefox unaweza pia kutumia mwonekano wa kusoma, ambao kwenye Windows huitwa kwa kitufe cha F9. Huo huchukua maandishi na kuyapanga upya bila kujali kufuli, na huokoa hata kurasa ambazo maandishi yake yamefichwa yakisubiri madoido ya kuibuka polepole.

Kisanduku cha kuthibitisha kwamba wewe si roboti kikikosekana, fomu haitakwenda hata ubonyeze mara kumi. Kile cha Google huhitaji google.com na gstatic.com, cha hCaptcha huhitaji hcaptcha.com, cha Cloudflare huhitaji challenges.cloudflare.com. Video ya YouTube iliyopachikwa katika ukurasa mwingine huhitaji youtube.com au youtube-nocookie.com, ytimg.com, na googlevideo.com ambako video yenyewe hutoka.

Fomu isiyo na wilaya

Dalili ngumu kuliko zote ni ukurasa unaoonekana mzima na kufanya kazi nusu. Mwaka jana mwalimu mmoja wa sekondari alinijia jioni na laptopu yake, akijaza fomu ya kuomba mafunzo ya muda mfupi. «Mdogo wangu,» aliniambia, «mkoa nimechagua, lakini wilaya hazipo.» Nilipoangalia, orodha ya mikoa ilikuwa imejaa. Alichagua Morogoro mbele yangu, na orodha ya wilaya iliyo chini yake ikabaki na maneno yaleyale, «Chagua wilaya», bila kitu kingine. Alikuwa amesharuhusu kikoa cha tovuti yenyewe, ndiyo maana alidhani tovuti imeharibika.

Nilibonyeza F12 ili kufungua zana za wasanidi, nikaingia kwenye konsoli, sehemu inayoorodhesha makosa ya skripti, na humo kulikuwa na mstari mmoja mwekundu uliosema kwamba alama ya dola haijafafanuliwa. Kwa aliyewahi kugusa utengenezaji wa tovuti, mstari huo unatosha: alama ya dola ni jina fupi la jQuery, maktaba ya skripti iliyotoka mwaka 2006 na ambayo bado inatumiwa na tovuti nyingi mno. Fomu ile ilikuwa ikiichukua jQuery kutoka code.jquery.com, kikoa ambacho kiendelezi kilikuwa bado kinakizuia. Skripti ya tovuti iliendeshwa, ikamwita mwenzake, na mwenzake hakuwepo. Tulikiruhusu kikoa hicho kimoja kwa muda, ukurasa ukapakiwa upya, mwalimu akachagua Morogoro tena, na Gairo, Kilombero, Kilosa na nyinginezo zikajitokeza. Vikoa vitano vilivyobaki, vyote vya takwimu na matangazo, havikuguswa.

Kilichotuuma ni kwamba kupakia upya kulifuta ukurasa mzima aliokuwa amekwisha kuujaza. Tangu siku hiyo ninamwambia kila mtu: ukifika kwenye fomu ndefu, jaribu kwanza orodha zake na vitufe vyake, fungua kinachohitajika, ndipo uanze kuandika.

Kufungua kwa mpangilio

Katika NoScript, bonyeza aikoni yake kwenye upau wa zana na utaona orodha ya vikoa vyote ambavyo ukurasa umeviita. Mbele ya kila kikoa kuna viwango vya uaminifu. Anza na kikoa cha tovuti yenyewe na ukipe uaminifu wa muda, ule wenye alama ya saa, ambao hufutika ukifunga kivinjari. Pakia upya na uitazame orodha tena, kwa sababu skripti uliyoiruhusu yaweza kuita vikoa vipya ambavyo havikuwepo mara ya kwanza. Hili huwachanganya wanaoanza, wakadhani wamekosea. Kama bado kuna dalili, ruhusu kikoa cha maktaba, kimoja kwa wakati, na pakia upya kila mara. Majina yenye cdn, static, assets au jina la tovuti lililofupishwa ndiyo ya kujaribu kwanza. Vikoa vya takwimu na matangazo viache mwisho, na karibu siku zote hutavifikia. Tovuti unayoitumia kila siku na kuiamini ndiyo pekee inayostahili uaminifu wa kudumu.

Kitufe cha kuruhusu vyote kwa mpigo kipo, na ninakushauri usikizoee. Ukikibonyeza utapata ukurasa wako, lakini hutajua ni kikoa kipi kilichoutengeneza, na kesho utakibonyeza tena.

Katika uBlock Origin mambo huenda tofauti kidogo. Kitufe kikubwa cha kuwasha na kuzima hukiondoa kiendelezi chote katika tovuti hiyo, na ndicho watu hukikimbilia. Kabla yake zijaribu swichi ndogo zilizo chini yake: ya jicho hurudisha vitu vilivyofichwa kwa sababu za sura tu, na ya fonti hurudisha fonti. Ipo pia swichi ya kuzima JavaScript yote ya tovuti hiyo. Hakikisha hukuigusa kwa bahati mbaya. Anayetaka udhibiti wa kikoa kwa kikoa ajitangaze katika mipangilio kuwa mtumiaji mzoefu, ndipo jedwali la vikoa litokee lenye safu mbili, moja ya kanuni za tovuti zote na nyingine ya tovuti uliyomo. Wengi katika safu ya kwanza huzuia kwa rangi nyekundu skripti na fremu (kurasa ndogo zinazopachikwa ndani ya ukurasa) za vikoa vya nje, kisha katika safu ya pili hufungua kwa kijivu kikoa kimoja kimoja ukurasa unapovurugika. Tumia kijivu, usitumie kijani: kijivu huondoa zuio lako huku orodha za vichujio zikiendelea kufanya kazi, ilhali kijani hupitisha kila kitu kutoka kikoa hicho. Alama ya kufuli ndiyo inayohifadhi ulichobadilisha. Usipoibonyeza, mabadiliko ni ya muda.

Kurasa za malipo zinataka tahadhari ya pekee. Unapolipa kwa kadi, benki yako huweza kufungua fremu yake ndani ya ukurasa ili kukuomba namba ya siri iliyotumwa kwa simu, na fremu hiyo hutoka kikoa ambacho hakikuwemo katika orodha dakika moja iliyopita. Kiendelezi kikiizuia, utaona mahali peupe katikati ya ukurasa, na ukipakia upya hapo unaweza kuanzisha malipo ya pili. Kwa shughuli kama hiyo ninashauri kutengeneza wasifu wa pili wa Firefox, wenye mipangilio na viendelezi vyake peke yake, kwa kuandika about:profiles kwenye upau wa anwani, wasifu usio na NoScript, unaoutumia kwa malipo tu na kuufunga mara ukimaliza. Ukikwama katikati ya malipo kabla hujawa na wasifu huo, usipakie upya. Fungua kwanza programu ya benki au ujumbe wa simu uone kama fedha zimekatwa.

Kwenye simu, Chrome ya Android haipokei viendelezi, lakini Firefox ya Android inavipokea, na NoScript na uBlock Origin zote zimo. Dalili ni zilezile, isipokuwa konsoli haipo, kwa hiyo utategemea orodha ya vikoa na macho yako.

Ukishazoea, orodha yako ya vikoa ulivyoviamini itakuwa kazi ya miezi. NoScript ina kitufe cha kuihamishia kwenye faili katika mipangilio yake, na uBlock Origin ina kitufe cha kuhifadhi nakala. Weka faili hizo nje ya kompyuta, na kabla ya kuzihifadhi pitia orodha ufute vikoa usivyokumbuka kwa nini uliviruhusu. Kama kuna ukurasa utakaovurugika kwa kuvifuta, dalili zake sasa unazijua.